Ukifuta picha kwenye memori kadi, huwa inaenda wapi?

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi imenibana kweli kweli. Leo nimerudi na kisa kimoja, na ndani ya kisa hicho kuna historia ndefu kuliko nilivyotarajia.

Kilianza na shangazi. Alinipigia simu jioni moja, sauti imemkauka. "Mwanangu, si wewe ndiye ulisomea mambo ya kompyuta? Hebu njoo uone hii kamera." Kamera yenyewe ni ile ndogo ya familia, ya miaka mingi, ambayo huzungushwa kutoka harusi hadi matanga. Ndani ya kadi yake kulikuwa na picha za Desemba, siku ambayo ukoo mzima ulikusanyika kwa nyanya. Nyanya alituacha mwezi wa Februari. Hizo ndizo zilikuwa picha zake za mwisho, na hakuna mtu aliyekuwa amezitoa kwenye kadi.

Siku moja kamera iliandika kwamba kadi ina hitilafu, ikauliza kama iifomati. Shangazi akabonyeza ndiyo. Kadi ikawa tupu. Alipoipeleka kwa fundi mmoja mjini, fundi aliiangalia dakika mbili akamwambia, "Mama, hapa hakuna kitu. Ukishafomati, imeenda."

Fundi alikosea. Sababu ya kukosea kwake ni uamuzi uliofanywa karibu miaka 50 iliyopita, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akiwaza kuhusu picha za nyanya ya mtu. Nataka tuufuate uamuzi huo tangu mwanzo, kwa sababu ukiuelewa utajua ni lini kuna matumaini na ni lini hakuna.

Daftari la keyateka

Kati ya 1977 na 1978, Marc McDonald, mmoja wa wafanyakazi wa kwanza kabisa wa Microsoft, alikuwa anatengeneza lugha ya BASIC kwa ajili ya mashine ya kampuni ya NCR iliyotumia disketi za inchi 8. Alihitaji njia ya kujua faili gani iko wapi kwenye disketi. Baada ya kujadiliana na Bill Gates, akabuni mfumo ambao baadaye uliitwa FAT.

Ili kuuelewa, fikiria ploti ya kupangisha yenye vyumba vingi vya ukubwa sawa. Keyateka ana daftari lenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni orodha ya majina: mpangaji fulani, ana vitu kiasi hiki, na chumba chake cha kwanza ni namba 7. Sehemu ya pili ni jedwali linalosema kwamba ukitoka chumba cha 7 nenda cha 8, ukitoka cha 8 nenda cha 9, hapo ndipo mwisho. Vyumba ndivyo sisi huita klasta, mpangaji ni faili, na hilo jedwali ndilo lililoupa mfumo mzima jina lake.

Sasa mpangaji akihama inakuwaje? Katika ploti ya kawaida vitu hutolewa na chumba kufagiliwa. Katika FAT keyateka haendi chumbani kabisa. Anafungua daftari, anafuta herufi ya kwanza ya jina la mpangaji, anaandika sifuri kwenye jedwali, kisha analifunga. Vitu vyote vimebaki chumbani vilivyo, mpaka siku mpangaji mpya atakapopewa chumba hicho na kuweka vyake juu ya vile vya zamani.

Huo si uzembe. Disketi za wakati huo zilikuwa za polepole sana, na kuandika upya kila klasta ya faili kubwa kungemfanya mtu asubiri bure. Kubadilisha alama chache daftarini kulimalizika mara moja. Kila mtu aliona ni jambo la busara, na mpaka leo mimi pia naona hivyo.

Namba E5

Mwaka wa 1980 Tim Paterson wa kampuni ya Seattle Computer Products aliandika mfumo uliokuja kuitwa 86-DOS, akachukua wazo la FAT na kuliendeleza. Microsoft iliununua mfumo huo mwaka wa 1981, na Agosti mwaka huo huo IBM ikatoa tarakilishi yake ndogo, PC, mfumo ule ukiwa umepewa jina la DOS. Kuanzia hapo FAT ilisambaa dunia nzima.

Katika DOS, kila faili ina mstari wake wa baiti 32 kwenye orodha ya majina. Faili ikifutwa, herufi ya kwanza ya jina hubadilishwa kuwa namba 229, ambayo sisi waandishi wa programu huiandika E5. Kwa nini namba hiyo? Ina asili ya kuchekesha kidogo. Disketi za inchi 8 za mtindo wa IBM zilitoka kiwandani zikiwa zimejazwa E5 kila mahali. Mfumo wa CP/M wa Gary Kildall, uliotangulia DOS, uliichukulia E5 kuwa na maana ya "mstari huu hauna faili". Kwa hiyo disketi mpya ilisomeka moja kwa moja kama disketi tupu! DOS ikairithi alama hiyo, na kamera ya shangazi nayo ikairithi kutoka DOS. Kwa lugha ya mashine hizi, kilichofutwa na ambacho hakijawahi kuandikwa vilipewa alama moja.

Lakini tazama kilichobaki kwenye ule mstari. Herufi nyingine za jina zipo. Ukubwa wa faili upo. Namba ya chumba cha kwanza ipo. Mtu makini angeweza kuifuata hadi mlangoni.

Mtu huyo alikuwa Peter Norton, mwandishi wa programu wa Marekani. Mwaka wa 1982 alitoa mkusanyiko wa programu ulioitwa Norton Utilities, na iliyompatia sifa ilikuwa UNERASE. Ilitafuta mistari yenye E5, ikakuonyesha majina yenye pengo mbele, ikakuomba utaje herufi iliyopotea, kisha ikalirekebisha daftari. Wakati ambapo watu waliamini kwamba kilichofutwa kimekwisha, jambo hilo lilionekana kama uganga. Mwaka wa 1991 Microsoft yenyewe ikaweka amri ya UNDELETE ndani ya MS-DOS 5.0.

Flashi na kamera

Wakati huo huo, huko Japani kulikuwa na kazi nyingine. Mwaka wa 1984 Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba aliwasilisha aina mpya ya chipu ya kumbukumbu ambayo haikuhitaji umeme ili kushika data, na ambayo eneo zima lake lingeweza kufutwa kwa mkupuo mmoja. Mwenzake, Shoji Ariizumi, ndiye aliyependekeza iitwe flash, kwa sababu ufutaji ule wa ghafla ulimkumbusha flashi ya kamera. Yaani kumbukumbu ya flashi ilipata jina lake kutoka kwenye kamera, miaka mingi kabla haijaingia ndani ya kamera za watu! Mwaka wa 1987 Masuoka na wenzake waliwasilisha aina ya NAND, na hiyo ndiyo iliyo kwenye memori kadi zetu.

Flashi ina tabia moja ambayo disketi haikuwa nayo. Huwezi kuandika juu ya sehemu yenye data bila kwanza kufuta eneo zima linaloizunguka, na kila ufutaji huichosha chipu kidogo. Kwa hiyo ndani ya kadi mna chipu nyingine ndogo inayosimamia kazi, na mara nyingi huahirisha ufutaji mpaka utakapohitajika. Ukijumlisha keyateka asiyeenda chumbani na msimamizi anayeahirisha usafi, unapata kadi ambayo haipendi kabisa kupoteza kitu.

Mwaka wa 1994 SanDisk ilitoa kadi ya CompactFlash. Mwaka wa 1999 SanDisk, Toshiba na kampuni inayotengeneza bidhaa za Panasonic zikatangaza kadi ya SD. Katikati ya hapo, mwaka wa 1998, chama cha viwanda vya elektroniki vya Japani, JEIDA, kilitoa kanuni ya DCF ili kadi kutoka kamera ya kampuni moja isomeke kwenye mashine ya kampuni nyingine. Picha ziwe ndani ya folda inayoitwa DCIM, majina yawe ya herufi 8, na mfumo wa kutunza faili uwe FAT. Ndiyo maana kamera ya leo bado inaziita picha zako IMG_0001 au DSC_0001. Herufi hizo 8 ndizo alizotumia Paterson mwaka wa 1980.

Kuchonga faili

Njia ya Norton ina udhaifu mmoja: inahitaji daftari. Shangazi hakufuta picha moja moja. Alifomati, na kufomati kwa kawaida huandika upya jedwali lote na ukurasa wa kwanza wa orodha. Ni kama keyateka amelichoma daftari na kununua jipya. Vyumba vimejaa vitu, lakini hakuna anayejua cha nani kiko wapi. Kadi iliyovurugika kwa sababu ilichomolewa wakati kamera inaandika, au betri ilipokata katikati, huwa katika hali hiyo hiyo.

Waliotatua tatizo hili kwa bidii zaidi walikuwa wapelelezi. Mwaka wa 2001 Kris Kendall na Jesse Kornblum, wa ofisi ya upelelezi ya Jeshi la Anga la Marekani, waliandika programu ya Foremost. Haisomi daftari kabisa. Inapita chumba kwa chumba tangu mwanzo wa diski hadi mwisho, ikitafuta vitu vinavyojitambulisha vyenyewe. Kazi hii huitwa kuchonga faili, kama mchongaji anayeona kinyago ndani ya gogo.

Picha hujitambulisha vizuri sana. Kanuni ya JPEG ya mwaka wa 1992 inataka kila picha ianze na baiti FF D8 na kuishia na FF D9. Picha za kamera huongeza pia neno "Exif" karibu na mwanzo, likifuatiwa na maelezo ya kamera, tarehe, na hata nakala ndogo ya picha yenyewe. Ukikutana na kichwa cha aina hiyo mwanzoni mwa klasta, huhitaji kuuliza mtu: hiyo ni picha.

Mwaka wa 2002 Mfaransa Christophe Grenier alianza kutoa PhotoRec, programu huria iliyolenga hasa kadi za kamera. Ni ya bure mpaka leo, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Sura yake haivutii, ni maandishi tu kwenye skrini nyeusi, lakini ndiyo niliyoitumia kwa kadi ya shangazi.

Mbona kuchonga hufaulu sana kwenye kamera? Kwa sababu ya tabia ya watu. Wengi hupiga picha kwa mfuatano kwenye kadi iliyo tupu, kwa hiyo kila picha hukaa katika vyumba vilivyoshikana. Taabu huja kwa yule anayefuta picha moja hapa na nyingine pale ili apate nafasi. Picha mpya hugawanywa, nusu ikaingia kwenye pengo na nusu ikaenda mbali. Hapo mchongaji hupata kichwa cha picha moja na tumbo la nyingine. Mwaka wa 2006 watafiti Nasir Memon na Anandabrata Pal walichapisha njia ya kuunganisha vipande kwa kulinganisha kingo za rangi, kama mtoto anayeunganisha picha ya mafumbo. Inasaidia, lakini si kila mara.

Mlango unaofungwa

Mpaka hapa utadhani picha haipotei kamwe. La hasha. Uvumilivu huu wa kadi haukuwa zawadi ya mtu kwetu. Ulitokana na uchumi wa disketi za polepole, na vifaa vipya vina sababu nyingine.

Kadi kubwa za SDXC, zilizotangazwa mwaka wa 2009, hutumia exFAT, na mfumo huo bado una tabia ya zamani: kufuta ni kugeuza biti moja ya alama kwenye kila mstari wa faili. Kwenye kadi za kamera, basi, matumaini bado yapo. Simu ni habari nyingine. Tangu Windows 7, mwaka wa 2009, tarakilishi zilianza kutumia amri ya TRIM kuiambia diski ya flashi vyumba gani havina mtu ili ivisafishe mapema. Android ilianza kufanya vivyo hivyo mwaka wa 2013, katika toleo la 4.3. Na tangu Android 10 ya mwaka wa 2019, simu mpya zinatakiwa kufungia data kwa ufunguo wa siri, kwa hiyo mchongaji akipita vyumbani haoni FF D8 wala Exif, anaona vurugu tupu. Picha iliyofutwa kutoka kumbukumbu ya ndani ya simu ya kisasa, ikishatoka pia kwenye folda ya takataka, kwa kawaida haipatikani tena. Anayekuuzia programu ya kuahidi vinginevyo, mwulize maswali mengi kabla ya kutoa pesa.

Mabadiliko hayo yana uzuri wake pia. Anayeuza kamera kuukuu pamoja na kadi aliyoifomati tu, huenda ameuza pia picha za watoto wake. PhotoRec haiulizi mwenye picha ni nani. Kabla hujauza, jaza kadi yote kwa faili zisizo na maana, au baki nayo tu.

Ikikupata wewe

Kwanza, acha kupiga picha. Kila picha mpya ni mpangaji mpya. Toa kadi kwenye kamera, na kama ni SD kubwa, sukuma ile swichi ndogo ya pembeni ili isiandikike.

Pili, usifanyie kazi kwenye kadi yenyewe. Tengeneza nakala yake yote, chumba kwa chumba, kisha fanyia kazi nakala hiyo. Kwenye Linux mimi hutumia GNU ddrescue, ambayo hairudi nyuma kwa kuogopa sehemu mbovu:

ddrescue /dev/sdb kadi.img kadi.map

Hakikisha mara mbili kwamba sdb ndiyo kadi yako. Kinachosomwa hutangulia, kinachoandikwa hufuata. Ukigeuza mpangilio utamaliza kazi ambayo kufomati hakukuimaliza.

Tatu, ielekeze PhotoRec kwenye hiyo kadi.img, na uhifadhi inachopata kwenye diski nyingine. Ikiwa tarakilishi haioni kadi kabisa, hata ukubwa wake, basi chipu imeharibika, na hapo programu haisaidii. Kuna mafundi wenye vifaa vya kusoma chipu moja kwa moja, lakini gharama yake ni kubwa.

Kwa shangazi nilipata picha 187. PhotoRec haijui majina ya zamani, kwa hiyo kila picha hupewa herufi f na namba ya mahali ilipokutwa kwenye kadi. Tarehe hazikusaidia pia, maana saa ya kamera ilikuwa inarudi mwanzo kila betri inapotolewa. Lakini zile namba za mahali zilikuwa bado katika foleni, kwa kuwa kamera ilikuwa imeandika picha moja baada ya nyingine. Nikazipanga kwa namba, na siku ile ya Desemba ikarudi kwa mpangilio wake, kuanzia chai ya asubuhi mpaka watu wanaagana langoni. Shangazi alikaa kando yangu na kalamu, akaandika majina ya waliomo, kwa sababu hilo halikuwa limeandikwa popote kwenye kadi.

Nyanya yumo kwenye picha 31. Moja zaidi imekatika: kitambaa chake cha kichwani na macho vinaonekana, na kuanzia puani kwenda chini ni kijivu kitupu. Nilimwambia shangazi kwamba hiyo imeharibika, niiondoe? Alikataa. Kwa hiyo zote 187 sasa ziko kwenye laptopu yangu, kwenye diski iliyo kwa shangazi, na kwenye CD aliyochukua binamu.

Haya basi, kabla hujaendelea na shughuli zako, chomeka kadi yako kwenye tarakilishi utoe nakala leo. Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.